Wageni wa Namba Kumi na Moja

Fomu iliyotutoa katika chumba chetu niliijaza mimi, kwa mkono wangu, tena kwa kalamu niliyoinunua kwa pesa zangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia bure.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa karani wa ofisi ya kanisa letu mjini Machakos, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye taipureta moja, kabati moja lisilofunga, na woga uliouzidi mshahara. Mimi na mama tulikaa katika ploti ya kanisa, chini kidogo ya barabara inayopanda vilima vya Iveti. Vyumba vilikuwa ishirini na vinne, vya mawe, mistari miwili inayotazamana na bomba moja la maji katikati. Chetu kilikuwa namba kumi na moja, na mpangaji kwenye karatasi alikuwa mama. Kodi ilikuwa shilingi mia nane. Kwa bei hiyo hapakuwa na chumba kingine cha mawe chenye sakafu ya simiti katika mji mzima, nami nilijua, maana nilikuwa nimevitafuta kwa miguu.

Kabla ya hapo tulikaa katika chumba cha mabati nyuma ya soko. Mvua ikinyesha maji yalipita chini ya kitanda kama yana haraka ya kwenda mahali, na mama alikohoa kuanzia Novemba mpaka Machi, kikohozi cha kumkunja mtu mara mbili. Tangu tuhamie namba kumi na moja hakukohoa tena. Miaka miwili mizima. Ndiyo sababu nilikiogopea chumba kile kuliko watu wanavyoogopea vyumba.

Vyumba vilijengwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Iliandikwa hivyo kwenye ubao pale getini. Sasa, mpangaji wa namba ishirini na mbili akanunua pikapu. Si kosa mtu kununua pikapu. Kosa lake ni kwamba aliiegesha chini ya ule ubao, siku ya Jumapili, wakati waumini wanatoka ibadani. Angeipeleka mbele kidogo, kwenye kituo cha petroli, labda nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Kufikia Jumatano kamati ya nyumba ilikuwa imeitishwa, na ajenda ilikuwa moja tu: mpangaji anatakiwa awe na mapato kiasi gani.

Kamati ilikuwa na watu saba, lakini waliosema walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa bado anamtazama kila mtu kama aliyechelewa gwaride. Mweka hazina alikuwa mama wa kutoka upande wa Murang'a, aliyeolewa na biashara kuliko alivyoolewa na mumewe, mwenye duka la misumari na mabati karibu na stendi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupima, na ukishazoea kupima misumari kwa kilo utapima na watu.

"Mtu alipe kodi na abaki na ya chakula," Mwalimu alisema. "Kwa hivyo mapato yawe mara tatu ya kodi. Chini ya hapo atatusumbua kila mwezi. Na akipita elfu tano, huyo si maskini. Aende apange kwingine, atuachie nafasi ya wenye shida."

Mimi nilikuwa kwenye kona, naandika kumbukumbu. Kazi ya karani mkutanoni ni kuandika na kumimina chai. Lakini mkono ukiwa unaandika, kichwa kilikuwa kinajumlisha. Mshahara wangu ulikuwa elfu mbili mia tisa. Mama alisuka viondo, vikapu vya mkonge, na kuviuza siku za soko, Jumatatu na Ijumaa. Mwezi mzuri alipata elfu moja na kidogo, mwezi mbaya alirudi navyo nyumbani. Tukijumlishwa pamoja tulikuwa ndani ya kiwango. Mimi nikiondolewa, mama peke yake hakufika hata nusu ya kiwango cha chini. Nikashusha pumzi, nikamimina chai.

Kisha mweka hazina akauliza swali lake.

"Na mtu wa viondo? Ana payslip gani huyo? Hata yeye hajui anapata ngapi. Ukimuuliza atakwambia Mungu anasaidia."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka, maana mama angesema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Alete barua," mmoja alisema.

"Barua kila mtu ataleta," mweka hazina akasema. "Kama hana payslip, mimi naona tusimweke. Tutajuaje?"

Mwalimu alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali, na nilikijua kichwa kile: kikitikisika mara tatu jambo limepita. Nilisikia sauti ya mtu ikisema, "Si muwatembelee tu? Mtu akiingia kwa nyumba ataona vile watu wanaishi." Ilikuwa yangu.

Mwalimu akanitazama kama aliyesikia kabati likiongea. Nikadhani nimefukuzwa. Badala yake akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Huyu msichana amesema kitu," akasema.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba wakati anachimba hujiona mwerevu. Nami nilijiona mwerevu. Niliwaza: wakiingia kwetu wataona nini? Kitanda, stuli mbili, jiko, redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa mpira. Nyumba yenyewe itatutetea.

Mwalimu alikuwa amesahihisha mitihani ya watoto maisha yake yote, kwa hivyo aliugeuza umaskini kuwa mtihani. Alitunga fomu yenye alama. Kochi, alama mbili. Televisheni, nne. Redio ndogo, moja. Redio kaseti, mbili. Thamosi ya chai, moja. Nyama ikikutwa jikoni, mbili. Mafuta ya kupikia kwenye mkebe, moja. Kitanda na vyombo, alama mbili za jumla. Aliyepita alama nane, mapato yake yamezidi. Asiyefika mbili, hafiki kiwango. Nyumba itakayokutwa imefungwa itaandikwa sifuri, na sifuri maana yake ni kuondoka.

Niliikata stenseli mwenyewe, nikazungusha mashine ya kurudufu, karatasi ishirini na nne, wino ukanikaa kwenye kucha kwa siku tatu. Kisha Mwalimu akaniletea ratiba ya ziara niichape. Ziara zingekuwa bila taarifa, Alhamisi, kuanzia saa saba mchana. Alisimama mbele ya meza yangu mpaka nikamaliza.

"Hii kitu inajulikana na watu watatu," aliniambia. "Ikitoka, nitajua imetokea wapi. Na hiyo siku utatafuta kazi kwingine."

Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu." Nilikuwa nimeshaanza kuogopa jambo jingine. Siku za Alhamisi mama alizoea kwenda kwao Muthetheni kuchukua nyuzi za mkonge, na kurudi jioni. Angefunga mlango kwa kufuli lake kubwa, wangekuja, wangeandika sifuri.

Siku mbili nilitembea na siri ile tumboni. Sikula vizuri. Nikiona Mwalimu akipita dirishani nilichapa herufi zisizo na maana ili asikie mashine ikilia. Mwishowe, Jumanne jioni, tukiwa tunakula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharage, mama amemaliza yake na amerudi kwenye kiondo chake, nilishindwa kuvumilia.

"Mwaitu," nilimwambia, yaani mama, kwa Kikamba chetu. "Alhamisi usiende mahali."

"Kuna nini?"

"Kamati wanakuja kuangalia nyumba. Wanataka kuona kama tuko ndani ya kiwango. Lakini usiambie mtu, mwaitu, nitafutwa kazi."

Aliendelea kuvuta uzi. Alikuwa na namna ya kuunyoosha uzi kwenye paja, hata bila kuutazama.

"Ni kina nani?"

"Ni Mwalimu na yule mama wa duka la misumari. Na mimi, wa kuandika."

"Watafika saa ngapi?"

"Hapa kwetu saa nane hivi."

"Kwa hivyo mko watatu."

"Watatu, lakini mimi si mgeni."

"Hiyo siku utakuwa mgeni," akasema, akakata uzi kwa meno.

Sikuuliza lingine. Mtu mwenye woga husikia anachotaka kusikia, na nilichotaka kusikia ni kwamba mlango hautakuwa umefungwa. Jumatano aliniuliza ile sufuria kubwa nimeiweka wapi, nami nikamwonyesha, nikaenda kazini.

Alhamisi tuliingia getini saa saba kamili. Mwalimu mbele, mweka hazina na mkoba wake, mimi nyuma na faili. Ziara ilikuwa bila taarifa, lakini ploti haina siri: kabla hatujamaliza namba moja, watoto walikuwa wameshakimbia mlango kwa mlango. Namba tatu walikuwa wamefunika televisheni kwa leso na kuweka Biblia juu yake. Mwalimu aliiangalia Biblia kwa muda.

"Neno la Mungu limekaa juu sana," akasema. "Karani, andika nne."

Namba tano, namba sita. Kila tulipotoka chumba kimoja nilitazama milango iliyobaki, maana tulikuwa tunakwenda kwetu, na hakuna njia ya kutoka sita kwenda kumi na mbili bila kupita kumi na moja. Nilijiliwaza kwa hesabu. Kitanda na vyombo mbili, redio ndogo moja. Tatu. Tuko salama. Tatu. Nilikuwa naisema chini chini kama mtu anayesali.

Namba saba ndipo harufu ilipotufikia. Chapati. Chapati za mafuta ya kutosha, na nyuma yake harufu ya kuku wa kienyeji na vitunguu. Mweka hazina akanusa, akasema, "Kuna watu wanaishi hapa," na Mwalimu akacheka kwa pua. Mimi nikaomba iwe namba nane. Nane tulikuta mtu akila sukari guru na chai ya rangi. Nikaomba iwe tisa.

Namba tisa alikaa mama mjane, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyefanya kazi ya kushona sare za shule. Tulipoingia kwake nilishangaa. Nilikijua chumba kile kama kiganja changu, makochi mawili yenye vitambaa vya kusuka vyenye maua ya waridi, thamosi nyekundu, redio kaseti ya kijana wake aliye Nairobi. Sasa chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na cherehani, kitanda, na alama nne sakafuni mahali miguu ya kochi ilipozoea kukaa. Yeye mwenyewe hakuwapo. Binti yake mdogo alisema mama ameenda hapo jirani kusaidia kazi.

"Huyu anateseka," Mwalimu alisema kwa huzuni. "Andika mbili."

Niliandika mbili. Sasa nilikuwa nimejua makochi yako wapi. Namba kumi tulikaa dakika tano na sikumbuki hata kitu kimoja tulichokiona.

Kwetu mama alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa gauni lake la Pasaka, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameikunja tumboni.

"Karibuni, karibuni wageni wetu," alisema. "Mwalimu, karibu. Mama, karibu. Ingieni ndani, jua ni kali."

Mwalimu alisimama kizingitini, akanigeukia. Nilidhani ataniambia nimpe kalamu aandike mwenyewe, na kwa sekunde moja niliona wokovu.

"Hapa ni kwenu," alisema. "Andika wewe mwenyewe. Ndio watu wasiseme tumekupendelea."

Ndani sikukijua chumba chetu. Kitanda kilisukumwa nyuma ya pazia ambalo sijui lilitoka kwa nani. Makochi ya namba tisa yalikaa yakitazamana, waridi zimenyooshwa vizuri. Katikati meza ya mtu fulani, juu yake vikombe vya udongo vyenye ukingo wa dhahabu na thamosi mbili, nyekundu ya namba tisa na ya bluu nisiyoijua. Redio kaseti ilikuwa inaimba nyimbo za dini kwa sauti ya chini. Jirani wa namba tisa alitokea nyuma ya pazia na beseni na birika, akatunawisha mikono, uso wote unang'aa kwa furaha. Aliniangalia kama anayesema, unaona tulivyokusimamia.

Nilitaka kusema neno moja tu, vimeazimwa. Lakini nililifuata neno lile mpaka mwisho wake, na mwisho wake niliuona. Mwalimu angeuliza, mama alijuaje tunakuja? Kisha angenitazama mimi. Ningetafuta kazi kwingine, na bila mshahara wangu mama hafiki kiwango cha chini, naye angeondoka vile vile. Nikisema tunaondoka kwa umaskini, nikinyamaza tunaondoka kwa utajiri. Nilifungua faili, nikatafuta fomu ya namba kumi na moja.

Mwalimu akaombea chakula, maombi marefu, akishukuru kwa ajili ya nyumba hii na baraka zake. Kisha wakala. Kwetu mgeni hakatai chakula alichoandaliwa, hata akiwa amekuja kukipima. Mwalimu alikula paja, mweka hazina akala kidari, na mama aliwaongezea mchuzi kila waliposema wametosheka. Walipofika kwenye chai Mwalimu akaanza kunisomea, kwa sauti ya chini, mdomo bado una chapati.

"Makochi ni mawili. Nne. Redio kaseti. Thamosi, ngapi hizo? Mbili. Nyama. Mafuta."

Niliandika. Ukingoni mwa pazia ilichungulia redio yetu ndogo iliyofungwa kwa mpira, na mweka hazina, mtu wa kupima, aliiona pia. "Na ile ingine," akasema.

Nikaongeza mbili za kitanda na vyombo, nikajumlisha. Kumi na nne.

Mweka hazina alipitisha kidole kwenye waridi la kitambaa. "Mama, kwako ni kuzuri," alimwambia mama kwa heshima ya kweli kabisa. "Ni nani anakusaidia?"

"Mungu anasaidia," mama akasema.

Nadhani hata hapo bado tungeweza kuponea mahali. Alama zingeweza kujadiliwa. Lakini walipoinuka mama alisema wageni hawatoki mikono mitupu, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na viondo viwili. Nilivijua. Kimoja kilimchukua karibu wiki tatu, cha mistari ya kahawia na zambarau, mshono mdogo mpaka huwezi kuona uzi unaanzia wapi. Vilikuwa vya mnunuzi wa Ijumaa. Ndivyo vilivyokuwa kodi ya mwezi. Kimoja alimvika mweka hazina begani kwa mikono yake mwenyewe. Cha pili alimpa Mwalimu ampelekee mkewe.

Tulipokuwa tunaenda namba kumi na mbili mweka hazina alikigeuza kile kiondo, akakikagua mshono.

"Mtu wa kupeana kitu kama hii bure," alimwambia Mwalimu, "huyo ako na pesa mahali."

Kamati ilikaa Jumatano iliyofuata. Nilimimina chai kwa mikono miwili ili birika lisigonge vikombe. Walipofika namba tisa, mjane alibaki, tena wakapendekeza asaidiwe unga. Walipofika namba kumi na moja Mwalimu alisoma alama, akavua miwani.

"Ni mama wa karani wetu," akasema. "Lakini sheria ni sheria. Karani, uko na neno?"

Wote saba wakanigeukia. Hakuna aliyekuwa na uso mbaya. Nakumbuka hilo vizuri, walikuwa wananipa nafasi, na kama ningefungua mdomo labda wangenisikiliza. Niliona kikohozi cha mama, nikaona meza yangu na taipureta yangu, nikaona Mwalimu akisema, "Sasa najua siri imetokea wapi."

"Nilikuwa nauliza," nikasema, "barua iandikwe tarehe gani?"

Akaniambia tarehe. Nikaandika.

Barua ya notisi niliichapa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa mapato ya nyumba yako yameonekana kuzidi kiwango kilichowekwa, unaombwa kukiacha chumba mwisho wa mwezi. Nikampelekea Mwalimu, akatia sahihi, akaniambia kwa kuwa naelekea huko nibebe mwenyewe, tusipoteze stempu. Nilibeba. Mama hakuwa msomaji mwepesi, kwa hivyo nilimsomea, na nilipofika kwenye neno kuzidi sauti ilikatika, ikabidi nianze upya. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua karatasi, akaikunja mara nne na kuiweka ndani ya Biblia yake.

"Basi tutafute nyumba," akasema, na akarudi kwenye kiondo.

Tulitafuta. Kila mahali kodi ilikuwa elfu moja mia tano, elfu mbili, na amana ya miezi miwili. Mwisho wa mwezi tulirudi nyuma ya soko, si chumba kile cha zamani bali cha tatu kutoka pale, mabati yale yale. Namba tisa alitusaidia kuhama. Alibeba godoro letu kichwani huku analia, na njiani alikuwa akirudia kwamba haelewi, wageni walikula vizuri, walifurahi, kwani tuliwakosea nini. Alikuwa amebaki katika chumba chake kwa sababu makochi yake yalikuwa kwetu, na mpaka leo sidhani kama alijua.

Alipoondoka, nilikaa juu ya sanduku nikamwambia mama kila kitu. Fomu, alama, kochi mbili, thamosi moja. Kwamba wazo la ziara lilikuwa langu. Kwamba ningenyamaza Jumanne ile asingeazima kitu, wangemkuta na muthokoi wake, na tungekuwa bado namba kumi na moja. Kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema mbele ya kamati, nikaogopa. Nililia kwa aibu kuliko huzuni.

Alikuwa anapanga vyombo kwenye rafu. Hakugeuka.

"Uliniambia wanakuja kuangalia kama tuko ndani ya kiwango," alisema. "Nilisikia. Mimi si mtoto."

"Sasa mbona, mwaitu?"

"Nyumba ni yao. Wakitaka wanichukulie. Lakini wageni walikuwa wangu."

Nilikasirika. Naungama hilo pia. Nilikuwa nimeishi mwezi mzima nikitetemeka kwa ajili yake, na yeye hakuwa ametetemeka hata siku moja. Nilitoka nje nikasimama kando ya mfereji mpaka hasira ikaisha, na ilipoisha woga ulirudi mahali pake, maana mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Iveti.

Mvua ya Novemba ilikuja na kikohozi kikaja nayo. Kufikia katikati ya mwezi mama hakuweza kukaa wima kusuka. Jumapili moja mchana, nikiwa nampaka dawa mgongoni, nilisikia hodi, na mlangoni alikuwa mweka hazina, viatu vimejaa matope, amekuja kumwona mgonjwa kama desturi ya kina mama wa kanisa. Begani alibeba kile kiondo cha kahawia na zambarau, kimejaa unga na sukari. Alisimama akitazama mabati, akatazama maji sakafuni, akatazama stuli mbili na redio iliyofungwa kwa mpira, kisha akanitazama mimi. Niliona anajumlisha. Sikuwa na mahali pa kujificha.

Mama alijiinua kwa kiwiko. Kikohozi kilimkunja, akakingoja kipite, akanivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Kuna mgeni," alisema. "Kimbia uazime thamosi."

Nilikimbia.